Mabomba Yaliyokula Gunia la Viazi

Shemeji yangu ndiye aliyeanza. Alirudi kutoka Iringa mjini na boksi la taa nne za kumulika mbali, akaliweka mezani katikati ya vikombe vya chai, akamwambia kaka yake kwamba kutoka Njombe usiku kwa taa za kiwandani peke yake ni kujitafutia ajali. Hakukosea. Ukungu wa nyanda zetu kila dereva wa barabara ya Tunduma anaujua, na kuna usiku unaendesha ukiufuata mstari mweupe tu. Mume wangu akawa anazigeuza zile taa mikononi mpaka chai yake ikapoa.

Tunaishi Mafinga. Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya 1996, kabini moja, injini ya dizeli, springi za bapa nyuma, na ndiyo inayolisha nyumba. Inabeba viazi mviringo kutoka Njombe, inabeba mbao za msindano zinazotoka msitu wa Sao Hill, inampeleka mama mkwe kanisani, na mvua ikinyesha asubuhi inawafikisha watoto shule. Gari la namna hiyo si la mtu mmoja, kwa hiyo kila mtu alikuwa na lake la kutaka. Shemeji alitaka taa. Mume wangu alitaka keji ya mabomba ili magunia yapangwe juu zaidi. Mama mkwe alitaka mahali pa kukanyaga na kushika anapopanda, maana magoti yanamsumbua. Mimi ndiye ninayetunza daftari la mauzo, nikaomba sakafu ya mbao kwenye bodi, kulabu za kufungia kamba na turubai zuri, kwa sababu viazi vilivyolowa na kuchubuka ndivyo vinavyotushushia bei.

"Taa kwanza, mama watoto," mume wangu akasema. "Hayo yako ni madogo, tutayamaliza Jumamosi moja."

Shemeji alizifunga taa mwenyewe pale uani, mwanetu wa pili akimshikia tochi. Kila taa ilikuwa ya wati 55. Zote nne ni wati 220, na ukigawanya kwa volti 12 za betri unapata ampea zaidi ya 18. Umeme wote huo aliupitisha kwenye waya mwembamba wa spika, kutoka kwenye betri hadi swichi ndogo chini ya dashibodi, kisha ukarudi mbele kwenye taa, bila fyuzi popote. Tundu alilotoboa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini aliliacha bila mpira, makali ya bati yakawa yanausugua waya kila injini inapotetema. Zilipowaka, ua mzima ukawa mchana. Watoto wakapiga makofi, majirani wakatoka kutazama.

Taa zile ziliishia njiani, Nyololo. Mume wangu alikuwa anarudi usiku na mzigo, mdogo wake yuko pembeni, wakasikia harufu ya plastiki inayoungua, mara moshi ukatoka chini ya usukani. Swichi ilikuwa imeyeyuka na haizimiki tena. Kilichowaokoa ni spana namba 10 iliyokuwa mlangoni: mume wangu akafungua boneti, akalegeza nati ya kichwa cha betri upande wa hasi, akaung'oa waya. Wakakaa pale hadi alfajiri, wamejikunyata kwenye kabini kwa baridi. Mimi nilikuwa nyumbani napiga simu isiyopatikana, mama mkwe ameketi jikoni na kitenge kichwani, hataki kwenda kulala. Sitaki usiku mwingine wa namna ile.

Njia sahihi, ambayo ndiyo iliyopo kwenye gari letu sasa, si ngumu wala ghali. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele yake, iungue fyuzi na si gari. Baada ya fyuzi inakuja rilei. Swichi ya dashibodi inabeba umeme mdogo tu wa kuiamsha rilei, na ule mzito unapita kwenye waya mnene na mfupi uliobaki huko huko mbele. Miguu ya rilei ina namba: 30 inapokea umeme wa betri uliokwisha kupita kwenye fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za swichi na eathi. Anayeweza kusoma namba anaweza kuifunga. Taa tumebakiza mbili, ampea zikashuka hadi 9 na ushee, na fyuzi ya 15 inazitosha. Tumezielekeza chini, kwa sababu taa inayomulika ukungu kwa juu inakurudishia weupe machoni.

Ungedhani baada ya hapo watu wangepumzika. Ikaja zamu ya keji.

Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake hadi uani. Mabomba yalikuwa ya inchi moja na nusu, yamepakwa zinki, na alianza kuyachomelea hivyo hivyo bila kusaga ile zinki kwenye viungo. Moshi mweupe ukamzunguka mchana kutwa. Jioni alikuwa anatetemeka kwa homa, na mama mkwe akamletea maziwa kama wanavyofanya wengi. Homa ya moshi wa zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kinga yake ni grenda kwanza, upepo wa kutosha, na kutokaa juu ya moshi. Maziwa ni ya ukarimu tu.

Asubuhi yake, mume wangu alipowasha gari, taa nyekundu ya betri haikuzimika. Oltaneta ilikuwa imekufa. Fundi alikuwa amebana eathi ya mashine kwenye bampa ya mbele huku yeye anachomelea nyuma, na betri ilikuwa bado imeungwa, kwa hiyo umeme wa kuchomelea ulipata njia ya kupita kwenye mfumo wote wa gari na kuunguza diodi ndogo zilizomo ndani ya oltaneta. Bei ya kuitengeneza ilizidi malipo ya fundi. Hatukugombana naye. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na yeye bado alikuwa na homa.

Hesabu ya uzito niliifanya mimi, keji ikiwa tayari imesimama. Mita moja ya bomba la namna ile, lenye unene wa milimita 3, ina uzito wa zaidi ya kilo 3. Keji yetu ilikula mita 30 na zaidi. Hiyo ni kilo 100, gunia zima la viazi ambalo pikapu italibeba kwenda na kurudi bila kuliuza kamwe. Nikamsogezea mume wangu daftari. Akalitazama kwa muda.

"Lakini imependeza," akasema.

Ilikuwa imependeza kweli. Na kwa kuwa sasa magunia yaliweza kupanda juu, yakapanda. Wakulima wengine bado wanafunga lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na pikapu ya kubeba tani moja hivi ikajikuta imebeba zaidi ya hapo, keji ikiwa juu yake. Nyuma ikainama na pua ikainuka. Taa za mbele zikawa zinamulika vilele vya misindano, na madereva wanaotoka Makambako wakawa wanatupigia honi kwa hasira.

Dawa ya hilo mume wangu na mdogo wake waliiona upesi: kuongeza bapa za springi. Walizipata kwenye vyuma chakavu, wakaliinua gari kwa jeki na magogo, wakafungua nati za yuboliti, wakapachika bapa mbili kila upande. Kazi waliifanya kwa nguvu na kwa usafi, sina la kuwalaumu hapo. Gari likasimama sawa. Lakini likiwa tupu lilirukaruka hadi mama mkwe akasema kanisani atakwenda kwa miguu, na trei za mayai nilizoagiza kutoka sokoni zilifika zikiwa uji.

Hayo ya mayai yanavumilika. Lililonitia hofu ni breki. Mume wangu alirudi safari moja amekaa kimya, akala kidogo, ndipo akaniambia kwamba kwenye miteremko ya huko Njombe gari lenye mzigo halikutaka kusimama kama zamani. Mbele linazama, nyuma linasukuma. Alikuwa amebadilisha viatu vya breki, akaongeza mafuta, akatoa hewa, na hali ni ile ile. Nilimwambia gari lisiondoke tena uani hadi tumpate mtu anayejua. Safari hiyo hakuna aliyebisha.

Tulimpata mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye magari ya aina hii. Tulimsalimia shikamoo, akaitika, kisha kwa desturi ya kwetu akatusalimia yeye kwa kamwene, na kabla hajaomba spana akalizunguka gari akilitazama kwa mbali.

"Nani ameliinua hili?" akauliza.

"Mimi na mdogo wangu, mzee."

"Na fimbo ya breki mliigusa?"

"Fimbo gani, mzee?"

Akamwambia mume wangu avue koti, wakaingia chini wote wawili. Nikainama nami nikaangalia. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba ya chuma inayokwenda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Hilux nyingi za miaka ile zinayo, na wenye magari wengi hawajawahi kuiona. Mzigo ukiingia, bodi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inaisukuma valvu, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu bodi inapanda, na valvu inaipunguza nguvu hiyo ili magurudumu mepesi ya nyuma yasijifunge na gari likaserereka. Sasa sisi tulikuwa tumeliinua gari kwa bapa za ziada. Hata likibeba gunia kumi, bodi haikushuka kama valvu inavyotarajia. Kwa hesabu ya valvu gari lilikuwa tupu, na ikawa inapunguza breki za nyuma pale pale zilipohitajika kuliko wakati wowote.

Mume wangu alitoka chini ya gari, akaketi kwenye gogo, akafuta mikono kwa muda mrefu. Mdogo wake alisimama kando yake bila neno. Walikuwa wameuona ule mteremko upya, wote wawili.

Mzee aliwaambia watoe bapa moja kila upande, kisha akairekebisha fimbo mahali inaposhikwa, akaunga geji ya presha kwenye breki na kuijaribu mpaka akaridhika. Akasisitiza kwamba jambo hili halifanywi kwa kukisia. Kuhusu keji alisema maneno machache tu: chuma chote kinachobaki juu ya gari ni mzigo usiolipiwa nauli.

Keji ikakatwa wiki ile, na waya wa betri ukatolewa kwanza. Kipande kimoja cha bomba kimekuwa kishikio cha mama mkwe kando ya mlango, kingine ngazi yake ya kukanyagia, na mengine yamejenga banda la kuku. Kuta za bodi sasa ni fremu za mbao za msindano zinazochomekwa na kuchomolewa, nyepesi kiasi kwamba mwanetu wa kwanza anazibeba peke yake.

Ndipo ikafika ile Jumamosi yangu. Bodi ilisuguliwa kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, mbao zikalazwa juu ya vipande vyembamba vinavyofuata urefu wa gari, ili maji yapite chini yake na kutokea kwenye matundu ya bodi yaliyoachwa wazi. Kulabu zilifungwa kwa bolti na wasa pana, na kabla ya kila tundu shemeji aliingia chini kutazama kama drili haitakutana na tangi la mafuta au bomba la breki. Turubai lilishonwa sokoni. Kazi yote iligharimu pesa kidogo kuliko zile taa nne. Kwenye daftari langu, viazi vinavyokataliwa kwa kuchubuka vimepungua sana, na hilo hakuna keji iliyowahi kulifanya.

Wewe unayechomelea magari uani kwa watu: kabla hujawasha mashine mwambie mwenye gari atoe waya wa hasi wa betri, nawe ubane eathi karibu kabisa na mahali unapochomelea. Na wewe uliyeongeza springi kwenye Hilux yako, ingia chini leo uitafute ile fimbo juu ya ekseli ya nyuma, kisha umwite fundi mwenye geji aipime kabla hujapakia tena.