Tembo Aliyedidimia na Mswada wa Pimbi

Yule tembo wa Dodoma, ambaye Wagogo wanasimulia kwamba alikwenda kunywa maji akadidimia topeni, hakufa. Wanadamu walichukua mkasa wake wakaupa mji jina, wakaenda zao. Wanyama wakamfanya Mwenyekiti wa Baraza la Vitabu. Walisema ana sifa zote: ni mzito, hasahau kitu, na hatadai kuhamishwa. Kilichobaki juu ya tope ni masikio, mkonga na mhuri.

Pimbi alikuwa akiishi kwenye majabali ya Mlimwa. Mnyama mdogo, hana mkia wala makuu. Kazi aliyojichagulia ni kuwaandikia watoto, hasa wale wanaoota ndevu za kwanza, ambao hadithi za watoto wameshazikinai na za wakubwa wanazisoma kwa kujificha. Aliandika kisa cha kifaranga aliyechoka kukimbilia uvunguni kila kivuli kikipita, akafunga safari kwenda kuona mwewe analala wapi. Sura nane.

Alianza kwa Fisi, mchapishaji.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umo kwenye mtaala?”

“Ni hadithi, mzee.”

“Nimesikia. Umo kwenye mtaala?”

Tusimwonee Fisi. Yeye anaishi kwa mifupa, na mifupa ya uchapishaji iko shuleni: jedwali la kuzidisha kwa wanakondoo, maswali na majibu kwa ndama wa darasa la nne. Hadithi isiyoulizwa kwenye mtihani hukaa stoo mpaka mchwa waimalize. Hata kwa wanadamu, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa Tanzania mwaka 1991, ilibidi mchapishaji ashikwe mkono: akichapa nakala 5,000 za hadithi, mradi unamnunulia 3,000 na kuzigawa shuleni, asije akafilisika kwa kosa la kuwafurahisha watoto. Fisi aliposimuliwa habari hiyo alitokwa na machozi kabisa. Alipomaliza kujifuta akamwomba Pimbi achangie gharama za uchapaji: kondoo wawili, wanono.

Pimbi akaenda kwa Bundi, mhakiki. Bundi hana mtoto, na mchana haoni. Maoni yake yalijaa ukurasa mmoja: kifaranga anawauliza wakubwa maswali, hadithi haina funzo, funzo liongezwe. Pimbi, kwa unyenyekevu wa mwandishi mpya, akaliongeza. Katika sura ya nne akamsimamisha Jogoo juu ya kichuguu, akamwacha ahutubie kurasa kumi na moja kuhusu utii, kisha nakala moja akaipeleka tena kwa Fisi.

Mbuzi wa Chamwino alikaa na mswada msimu mzima wa mvua. Pimbi alipofuatilia alimkuta kivulini anacheua. “Nimeumaliza wote,” alisema, na hakudanganya. Katika wahariri wa nyanda zote za kati, ni yeye peke yake aliyefika sura ya nane.

Kunguru wa Soko la Majengo hakutaka hata kuupokea. Alikuwa juu ya paa, anaangalia mafungu ya nyanya.

“Vijana wa siku hizi hawasomi, mama. Mimi soko nalijua. Andika kitu kifupi, kiwe na mapenzi, au kiwe na namna ya kupata pesa haraka.”

Chini yake alikuwa amesimama Bibi Ng'ombe wa Mpwapwa. Huyu anajivuna kidogo, na ana haki, maana ukoo wake ulichanganywa kwa mahesabu ya wataalamu kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa, ukapewa jina la mji. Akacheka kwa pua.

“Kunguru, mjukuu wangu, wajuzi wa soko tuliwaona Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walishuka na matrekta kuja kulima karanga. Walikuwa na hakika kuliko mvua yenyewe. Mizizi ikawavunjia majembe, kiangazi kikaufanya udongo mgumu kama saruji, na 1951 wakafungasha, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwisha kuzikwa. Leo karanga zinalimwa Kongwa, na wanaozilima hawakuandika ripoti.”

Kunguru akasema hiyo ilikuwa karanga, hii ni fasihi, akaruka kwenda kwenye dagaa.

“Na wewe, Pimbi, usinune,” Bibi aliendelea. “Miaka ya 1940 alihamia kwetu karani wa Idara ya Mifugo, mtu wa Tanga, mwandishi kama wewe, Shaaban Robert. Bibi wa bibi yangu alimwona kwa macho. Mchana analipwa kwa ajili ya ng'ombe. Alifariki 1962. Unajua kitabu chake Utubora Mkulima kilichapishwa lini? 1968! Miaka sita mwenyewe hayupo, mswada upo.”

“Kwa hiyo nisubiri kufa, bibi?”

“Sikusema hivyo.”

“Umesemaje basi?”

Bibi akaona majani fulani upande wa pili wa barabara. Ndiyo taabu ya kufarijiwa na wazee: mifano yao yote ni ya marehemu.

Ikabaki kwa Mwenyekiti. Pimbi aliteremka mpaka ukingoni, akaeleza yote. Tembo akasikiliza kwa masikio mawili, maana ndiyo yaliyokuwa nje.

“Jalada lako nalikumbuka. Subira, mwanangu. Serikali ya wanadamu iliamua kuhamia hapa mwaka gani?”

“1973, mzee.”

“Ikaanza kuhamia kwelikweli mwaka gani?”

“2016.”

“Na leo si wamejaa Mtumba? Sasa hadithi yako ina haraka gani?”

Kwa Tembo, miaka 43 ilikuwa ushahidi kwamba mambo huwa yanakwenda.

Jioni ile, akipanda jabali na mswada wake kwapani, Pimbi alisikia kucha nyuma yake. Alikuwa mtoto wa Fisi.

“Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa kifaranga? Baba ile nakala aliiweka chini ya mguu wa meza, meza inayumba. Niliichomoa.”

“Ukaisoma?”

“Mpaka sura ya nne. Jogoo alipoanza kuhutubia nikairudisha. Meza ikatulia.”

“Na kabla ya Jogoo?”

Mtoto akaona haya. “Kabla ya Jogoo nilisahau kwenda kuiba.”

Pimbi hakulala. Usiku wa manane alikuwa bado anamtukana mtoto wa watu. Kulipokucha akakaa kwenye jabali akayapanga kichwani majibu yote aliyopewa, akaona jambo ambalo angeliona mapema kama asingekuwa na uchungu: jibu la Fisi lilihusu tumbo la Fisi, la Bundi lilihusu hofu za Bundi, la Kunguru lilihusu nyanya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohusu kifaranga. Wengi wetu tunaoandika tunakosea hapa. Tunayalilia majibu yote kilio kimoja, na lile moja lenye kusema ukweli juu ya ukurasa fulani tunalitupa pamoja na mengine, tena kwa hasira zaidi, kwa kuwa limegusa kidonda.

Akamwondoa Jogoo, kurasa zote kumi na moja. Ile nafasi ikampa kifaranga usiku mmoja wa kulala peke yake chini ya mbuyu, anasikia mbawa na hajui za nani. Nakala akampa mtoto wa Fisi. Ikarudi baada ya majuma kadhaa bila jalada, ina mafuta, ina alama za meno ya wanyama wasiopungua wanne. Kisha akaandika nakala safi akaanza mzunguko upya, kwa Fisi.

“Umo kwenye mtaala?”

Mbuzi naye aliumaliza tena.

Mambo yaligeuka kwa sababu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kifaranga. Baraza lilisikia redioni kwamba wanadamu, tangu 2023, wanatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kwamba hadithi za watoto nazo zimeingizwa. Tembo akataka yake. Wageni wakaalikwa, ngoma zikapangwa, na siku tatu kabla ya sherehe ikagundulika kwamba nchi nzima haina kitabu cha watoto zaidi ya jedwali la kuzidisha. Fisi alipanda Mlimwa usiku, anahema.

“Mwanangu, ule mswada wako niliokuwa nakutunzia…”

Kitabu kilitoka. Kina dibaji ya mchapishaji, ndefu kuliko sura ya kwanza, inayoeleza jinsi Fisi alivyomvumilia mwandishi mpaka akaiva. Bundi ameshukuriwa kwa mwongozo. Mrabaha utalipwa nakala zikiisha, na Pimbi ameambiwa zipo nyingi sana stoo, ingawa mtoto wa Fisi, mwenye ufunguo wa stoo, anasema hazipo.

Mswada wa pili ulipelekwa kwa Bundi kabla ya kiangazi. Umerudi juzi. Anauliza jogoo yuko wapi. Pimbi amebadilisha bahasha, ameupeleka kwa Kunguru, na jogoo hajamwongeza.