Sifa za Mizani

Wapo wanaodai eti mtu aliyejinyima miaka kumi sasa ale akisikia njaa na aache akishiba. Hatari iliyoje! Tumbo lisilo na cheti litaachiwaje kazi ambayo mizani ya bafuni huifanya kwa ufanisi, ikitoa hukumu kila alfajiri bila kusikiliza utetezi? Ushahidi upo. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapa wanaume 36 wenye afya takriban kalori 1,570 kwa siku, majuma 24 mfululizo. Wakaanza kulamba sahani, kuota chakula na kusoma vitabu vya mapishi kama wenye mtihani kesho. Masikini Keys alidhani anachunguza njaa. Leo mpango wa kalori 1,200 huitwa nidhamu, na anayeufuata huulipia.

Mpinzani atasema uzito hurudi. Naam, na hapo ndipo penye hekima ya mpango huo: dawa inayoponya humpoteza mteja, ilhali hii humrudisha kila Januari, kama karo. Atakumbusha pia kwamba wale wanaume walipofunguliwa walikula wasishibe. Basi lawama iende kwa chapati, ambayo haijawahi kujitetea. Mtu aliyefundishwa kuiogopa miaka yote hiyo, kumwambia leo aketi nayo mezani pamoja na maharage ya nazi, aile ingali moto wala asiihesabu, si sawa na kumwambia mfungwa kwamba mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi?