Penzi la Sehemu Moja: Mwongozo kwa Mwandishi wa Tamthilia Mwenye Haraka

Tamthilia yako ya njozi imefika msimu wa tano. Una majoka, una wachawi, una mfalme aliyekwisha kufufuka mara mbili. Wapenzi wa jinsia moja huna hata wa kusingizia, na watazamaji wameanza kuuliza. Usihangaike. Hakuna aliyekulazimisha kuandika hadithi ya mapenzi. Wewe andika habari ya mapenzi, na habari uhai wake ni siku moja. Fuata hatua hizi.

1. Dokeza, kisha kimbia.
Jifunze kwa Mulan wa Once Upon a Time. Mwaka 2013 alifunga safari kwenda kumwambia Aurora lililo moyoni. Kabla hajafungua kinywa, Aurora akamwahi: ana mimba. Mulan akayameza yake, akaenda kujiunga na genge la Robin Hood. Umeona utamu wake? Hakuna lililosemwa. Anayetaka kuona penzi ataliona, asiyetaka ataona askari aliyeamua kubadilisha kambi. Wewe unavuna kwa wote wawili.

2. Wakichoka kusubiri, walete wengine kabisa.
Aprili 2016 tamthilia hiyohiyo ilitoa sehemu iitwayo “Ruby Slippers”. Ruby, binti wa kofia nyekundu anayegeuka mbwamwitu, anakutana na Dorothy huko Oz. Wanapita shamba la mipopi, wanatazamana. Dorothy anatupiwa laana ya usingizi, Ruby anambusu, Dorothy anaamka. Kazi imekwisha kwa dakika 40 na ushee. Na Mulan? Alikuwepo, akimtia Ruby moyo. Aliyesubiri tangu 2013 akaambulia ushenga.

Usijilinganishe na Emma na Kapteni Hook, waliojuana msimu wa pili, wakabusiana msimu wa tatu na kuoana msimu wa sita. Wale walihitaji muda kwa sababu walikuwa wanapendana. Hawa wako wanahitaji kuonekana tu.

3. Ukikosa maneno, tumia uchawi.
Busu la penzi la kweli ni kama mhuri wa serikali ya mtaa: ukishagongwa, hakuna anayesoma barua yenyewe. Laana imevunjika, kwa hiyo wanapendana. Umeokoa kurasa 30 za mazungumzo.

4. Busu likianza, piga hodi.
Mashabiki watadai busu. Wape, ila mweke mtu mlangoni. Katika Game of Thrones, mwaka 2017, Yara na Ellaria walikuwa melini. Midomo ilipokutana tu, meli ikatikisika: Euron kafika na vita vyake. Katika House of the Dragon, mwaka 2024, Rhaenyra na Mysaria walikumbatiana, wakabusiana, na mlinzi akaingia na habari za joka lililoonekana angani na mtu mgongoni. Mtazamaji atasahau kuuliza busu lile lingefika wapi. Nani anauliza mambo ya busu wakati joka limepata mpandaji?

5. Au subiri dakika ya mwisho.
Korra na Asami, katika katuni ya The Legend of Korra, walifunga mfululizo mzima Desemba 2014 kwa kushikana mikono na kutazamana kwenye lango la ulimwengu wa roho. Kwisha. Siku chache baadaye ndipo watayarishaji wakathibitisha kwa maandishi kwamba ndiyo, wale walikuwa wanapendana. Ila usiitegemee mno mbinu hii. Mwaka 2017 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, KFCB, iliipiga marufuku katuni hiyo pamoja na nyingine kadhaa. Penzi limefichwa mpaka vimebaki viganja viwili, na viganja navyo vikaonekana! Anayetaka kukasirika hahitaji dakika nyingi. Dakika nyingi ni za anayetaka kuamini, na huyo tumeshakubaliana kumnyima.

6. Unganisha tamko na mazishi.
Castiel, malaika wa Supernatural, aliingia kwenye hadithi mwaka 2008. Mashabiki wakawa wanamsoma macho kila anapomtazama Dean. Ilipofika Novemba 2020, zikiwa zimebaki sehemu mbili tu tamthilia iishe, akamwambia anampenda. Alikuwa ameshaweka ahadi kwamba siku atakayoonja furaha ya kweli ndiyo siku ya kuchukuliwa. Basi akasema, akafurahi, na weusi ukatoka ukutani ukammeza. Dean akabaki sakafuni, simu ikiita bila kupokelewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, lakini alilisha studio miaka 12.

7. Kumbuka kanuni ya banda la video.
Stelingi hafi. Hakikisha basi katika kila jozi kuna mmoja ambaye si stelingi, ili risasi ikipotea njia ipate pa kutua. Mei 2002, katika Buffy the Vampire Slayer, Tara na Willow ndiyo kwanza wamepatana. Mtu akaja na bunduki kumtafuta Buffy bustanini, risasi moja ikapanda hadi dirishani, ikampata Tara, damu ikaruka kwenye blauzi ya Willow. Machi 2016, katika The 100, Lexa na Clarke ndiyo kwanza wametoka kitandani. Risasi aliyotengewa Clarke ikampata Lexa mlangoni. Miaka 14 imepita katikati, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha bunduki.

8. Radhi iandike mapema.
Kosa la hao wawili wa mwisho ni kwamba waandishi wao waliwapa muda. Tara alikuwapo tangu 1999. Lexa alipewa utawala, hasira, mashaka. Watu walishawazoea, ndiyo maana walilia kwa sauti. Mashabiki wa Lexa walichangisha fedha kwa ajili ya The Trevor Project, shirika linalozuia vijana wa LGBTQ wasijiue. Mkuu wa waandishi aliomba radhi hadharani kabla mwezi haujaisha, na mwaka uliofuata likaanzishwa kongamano zima huko Las Vegas, ClexaCon. Kwa Ruby na Dorothy hutapata usumbufu kama huo.

9. Jilinde na mtu mmoja.
Yumo ndani ya chumba chako cha waandishi, na utamjua kwa maswali yake. Dorothy ameamka, sawa, kesho asubuhi nani anachemsha chai? Nani anakoroma? Hawa wawili wakigombana, hugombana kwa lipi? Mtu huyo mhamishie idara ya majoka leo hii. Ukimchekea, ataomba sehemu ya pili.