Nguzo Iliyonyooka Peke Yake

Nguzo za geti letu pale Pangani zilikuwa zimeinama kwa adabu, kila moja ikielekea kwa mwenzake kama wazee wanaopeana mkono baada ya swala. Babu alizijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kabla kiwanda cha Wazo Hill hakijaanza kutoa saruji mwaka 1966, na miaka yote hiyo ukoo mzima uliingia na kutoka bila malalamiko. Geti lenyewe halikufungika, hilo kweli. Tulilifunga kwa kamba ya mkonge, na mbuzi wa jirani waliielewa kamba hiyo kuliko sisi.

Balaa lilianza mdogo wangu alipoposwa. Shangazi, ambaye kwetu ndiye serikali, alitoka nje, akaliangalia geti kwa macho ya wakwe, akatoa hukumu.

"Watu watoke Tanga mjini na magari yao, waje waingilie hapa? Watasema binti kalelewa gofuni."

Fundi akaitwa. Aliigonga nguzo ya kushoto kwa kitako cha tindo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Alipobandua lipu tukamwona mchawi: pini ya bawaba, chuma cha unene wa kidole gumba, kimevimba kwa kutu hadi kikalipasua jiwe. Chuma kikila kutu hunenepa, na jiwe lililojengewa halina pa kusogea. Chini yake, mzizi wa mwarobaini ulikuwa umejipenyeza msingini. Ubavuni palikuwa na kovu la Fuso lililokuja kuchukua nazi zamani, likarudi nyuma bila utingo. Kumbe dereva yule maskini tulimlaumu peke yake muda wote, wakati alikuwa mshtakiwa wa tatu tu.

Pini ile ilizungukwa na saruji, kazi ya mikono ya marehemu baba. Mungu amrehemu, baba alikuwa na dawa moja kwa kila kilichovunjika nyumbani, kuanzia msingi wa choo hadi mguu wa kitanda.

Fundi naye alikuwa wa madhehebu hayo hayo. "Tunavunja, tunasimamisha nondo, tunamwaga zege. Ijumaa tumemaliza, bosi."

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa mwashi enzi zake, alikuwa ameshafika na kiti chake mwenyewe. Akagonga bakora chini. "Mwanangu, msikiti wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa saruji ya wapi?"

Fundi akanyamaza. Sote tulinyamaza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kuta za msikiti mkuu wa kale bado zimesimama pale kwa matumbawe na chokaa, bila nondo hata moja. Mzee akaendelea kusomesha. Tumbawe lina vinyweleo. Hunywa unyevu wa bahari na kuutoa, na chokaa huuruhusu upite. Ukiliziba kwa saruji, maji hutafuta mlango kupitia jiwe lenyewe, yanakauka humo na kuacha chumvi, na chumvi ikiganda inalisaga jiwe toka ndani. Ushahidi ulikuwa miguuni petu. Lipu ya baba ilibanduka bapa zima, gumu, lingefaa kuanikia samaki. Jiwe lililokuwa nyuma yake nililigusa kwa kidole likamwagika kiganjani, unga mweupe wa chumvichumvi.

Basi ikatafutwa chokaa. Madukani kuna chokaa ya mifuko ya kupakia kuta, na Mzee hakutaka hata kuiona. Alitaka ya tanuri: mawe yaliyochomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, yakalazwa shimoni hadi yakaiva. Tulipata madebe machache kwa mtu aliyebakiza kwenye ukarabati wa nyumba ya kale. Yangetosha nguzo moja. Tukasema, Mungu ni mwema, tuanze na hiyo.

Kunyoosha nguzo ya mawe si kazi ngumu. Kazi ngumu ni watazamaji. Unaukata mzizi, unachimbua upande mmoja wa msingi, unaegemeza miti ya mikoko, unapandisha kwa jeki taratibu huku timazi ikining'inia. Hayo sisi tuliyafanya. Lakini kila aliyekuwa akienda sokoni au kivukoni alisimama, akafumba jicho moja, akatoa amri. Aliyesimama nje alisema, "Kulia kidogo." Aliyesimama uani alisema, "Kulia kidogo." Kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule, na fundi, ambaye kwa heshima alikuwa akimtii kila mtu, aliisogeza nguzo huku na huku asubuhi nzima. Upepo wa kusi nao uliichezea timazi, ikawa inatikisika na kukataa kila kauli. Mwishowe shangazi alisimama upande wa upepo akiwa amekunjua kanga yake kuukinga uzi, na ndipo timazi ikatulia.

Nguzo ikasimama wima. Timazi ilikubali, pima maji ikakubali, Mzee akasema alhamdulillahi. Shangazi alirudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama, akauliza:

"Mbona mmeipindisha?"

Na kweli ilionekana imepinda! Ukuta wa ua umelala, nguzo ya pili imeinama, mwarobaini umeegemea barabarani. Katikati ya jamii hiyo, aliyenyooka ndiye aliyeonekana mlevi. Tulipojaribu kulipachika geti, komeo la juu likapungukiwa vidole vinne kufika upande wa pili. Kumbe seremala wa zamani alikuwa amelipunguza geti kwa juu ili lifuate mwinamo wa nguzo. Geti lilikuwa sahihi kwa nguzo mbovu.

Halafu Mzee akatoa habari ya mwisho. Chokaa haina haraka. Hugeuka jiwe kwa kuvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, kidogo kidogo, wiki kwa wiki, tena lazima ifunikwe kwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Kuning'iniza geti zito mapema ni kuibomoa upya.

"Harusi haisubiri hewa," shangazi akasema.

Siku ya harusi geti lilikuwa limelazwa nyuma ya banda la kuku, na nguzo imevaa magunia yaliyofichwa kwa makuti na maua. Wakwe waliingia na magari yao moja kwa moja, wakasifia lango pana. Mbuzi wa jirani walihudhuria bila kadi. Mjomba mmoja wa bwana harusi alinivuta pembeni, akanionyesha nguzo mpya na kuninong'oneza kwamba anamfahamu fundi mzuri wa kuinyoosha.

Sasa seremala analiongeza geti ubao kwa juu, na nguzo ya kulia inasubiri zamu yake. Msomaji, kama unamjua mtu mwenye chokaa ya tanuri iliyoiva, madebe machache tu, tafadhali mwambie tunahitaji, na tunahitaji mapema. Shangazi ameshanunua saruji.