Fundi wa Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ukifika, Kilwa hujaa wataalamu. Sifa zinazotakiwa ni mbili: mashine ya mgongoni, hata ya kuazima, na kutokohoa mbele ya mteja. Kibali? Kipo kwenye vitabu. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilituletea TPHPA, mamlaka ya kusimamia viuatilifu, makao makuu Arusha. Kutoka kwetu Nangurukuru hadi huko ni mbali. Hata salfa ya fundi wetu haifiki, japo upepo wa kusi hujitahidi.

Fundi anajua vizuri kuwa ugonjwa wa ubwiriunga hupigwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umelala. Tatizo, saa hizo naye amelala. Huja saa nne, kusi imeshaamka. Mkorosho hupata robo, kisima cha jirani hupata iliyobaki. Barakoa anayo: iko kidevuni, inalinda ndevu. Ukimuuliza kipimo, hujibu, "Kwa macho tu, mzee." Kweli, macho ndiyo yanayowasha.

Tusimwonee. Mwenye shamba naye haulizi cheti, huuliza bei. Na akitokea mwenye cheti, huambiwa asubiri malipo hadi mnada wa Oktoba.