Yah: Ombi la asilimia iliyosahaulika

Kwa Tume ya Ulaya,
Brussels, Ubelgiji.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kolwezi, Kongo, nikianza na pongezi. Sheria yenu ya 2024 ya malighafi nyeti ina hesabu iliyonyooka: ifikapo 2030, asilimia 10 ya mnachotumia ichimbwe kwenu, 40 isafishwe kwenu, 25 itokane na chakavu, wala isizidi 65 kutoka nchi moja ya nje. Kuhusu nchi zinazochimbwa nimekuta maneno matamu ya “ushirika” na “kuongeza thamani”. Asilimia yao sikuiona. Labda mpiga chapa aliiruka.

Nasi tunazijua asilimia. Kwenye depo za kununulia madini za Musompo, mchimbaji hushusha viroba vya mawe, mnunuzi akayalenga kwa kipimo kinachoshikwa kama bastola, na asilimia ya kobalti ikatokea kwenye kioo. Ikisoma chini, bei inashuka nayo, na mwenye mzigo hana kipimo chake cha kubishia. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, lakini nyingi huondoka kwa malori ikiwa hidroksidi, ikamaliziwe kusafishwa China.

Oktoba 2023 mlisaini hati ya maelewano na Kinshasa. Februari 2024 mkasaini nyingine na Kigali, ambayo Kinshasa huilalamikia kwamba inaiibia madini. Hongereni kwa kutobagua.

Reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, mnayoichangia nayo tunaiafiki. Ni ya tangu enzi za wakoloni na kazi yake inaijua: kuteremsha madini hadi baharini, bila kupotea njia ikaingia kiwandani.

Sasa ombi. Februari 2025 serikali yetu ilizuia kobalti isitoke, kisha Oktoba ikaweka mgawo. Bei iliyokuwa imelala chali ikasimama. Tumeonja, tumenogewa. Ongezeni basi kifungu kimoja: gari la umeme lisiitwe safi huko kwenu mpaka sehemu ya kobalti yake iwe imesafishwa hapa hadi daraja la betri, kwa umeme usiokatika na kwa mishahara inayolipwa hapa. Hatuna makuu, tuanzie asilimia 10, ile ile mliyojipangia nyinyi wenye mashimo machache.

Majibu yatufikie kabla ya 2030.

Wenu katika ujenzi wa Ulaya,
Mkazi wa Kolwezi