Barua ya Wazi kwa Waziri wa Numeriki: Turuhusiwe Kutumia Wingu Bila Rezo

Likasi, komini ya Kikula

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Numeriki, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wenye sekretaria publiki za Kikula, watu wa kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga skani vyeti vya kuzaliwa, tumekaa tukakubaliana kwamba kabla ya kulalamika ni lazima tukupongeze. Nchi yetu ilipata Mpango wa Taifa wa Numeriki uliotoka mwaka 2019 kwa jina la Horizon 2025. Tangu Machi 2023 ina pia sheria kuu ya numeriki. Nyaraka hizo tumezisoma zote mbili, tena kwa makini, baada ya mtu kutuletea kwenye fleshi kutoka Lubumbashi.

Sasa matunda yake yamefika hadi kwetu. Ofisi moja, ambayo hatuitaji kwa kuwa dosie yetu ingali mezani pao, imetuambia karatasi zimekwisha: kila kitu kiwekwe katika wingu, wao watumiwe kiungo tu. Tulifurahi. Tukauliza kiungo hicho watakifungulia wapi. Wakajibu kwamba watakuja kukifungulia kwetu, maana kwao rezo, yaani mtandao, haishiki.

Huenda Mheshimiwa, kwa wingi wa kazi, hujapata nafasi ya kuona jinsi wingu linavyofanya kazi mahali pasipo na rezo. Turuhusu tukueleze.

Mwanafunzi anaingia kibandani kwetu jioni, mashine ya kompyuta kwapani. Kesho anatetea TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo. Anafungua folda, na majina yote yapo: Utangulizi, Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, Bibliografia. Kando ya kila jina kuna kialama kidogo cha wingu. Anabofya. Mashine inazungusha kiduara chake, mwishowe inamwambia kwa adabu kwamba faili hili halimo katika kifaa hiki, ajiunge na intaneti. Jina lipo, tarehe ipo, hata ukubwa wa faili umeandikwa, ila ndani hamna hata nukta. Programu iliona diski inajaa, ikamhurumia, ikapeleka maandishi ng'ambo na kumwachia vichwa vya habari.

Dawa ipo, na ni nzuri. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia, unachagua libaki ndani ya mashine daima, basi. Sharti lake ni dogo: siku ya kuchagua uwe na intaneti. Ukurasa unaofundisha namna ya kufanya kazi bila intaneti nao uko kwenye intaneti. Na programu ikikwama kabisa, ushauri unaotolewa dunia nzima ni mmoja: jitoe, kisha ingia upya. Mwanafunzi wetu akijitoa, mlango unafungwa nyuma yake. Ili aingie tena anadaiwa rezo, na juu yake namba ya siri itakayokuja kwa SMS kwenye simu iliyozimika tangu mchana kwa sababu ya delestaji, ule mgao wa umeme. Alikuja na vichwa vya habari vya TFC, na hivyo navyo sasa hana. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kibanda chetu, tumeibandika ukutani kwa herufi kubwa, inasema: USIJITOE.

Sheria ya pili inahusu saa. Mashine nyingi hapa Likasi ni za mkono wa tatu, na ile betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani, inayotunza saa umeme ukiondoka, ilikufa zamani. Umeme ukirudi, mashine inaamka ikiamini kwamba tuko Januari 2009. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, hata siku rezo ipo, wingu linamkatalia mwenye mashine kuingia, kwa kuwa vyeti vya usalama vya mwaka huu machoni pa mashine bado havijazaliwa. Pili, na hili ndilo linaloumiza, kazi iliyochapwa leo asubuhi inapata tarehe ya miaka mingi iliyopita. Ziko programu zinazoamini kwamba lililo jipya zaidi ndilo halali, kwa hiyo zinachukua rasimu mbovu ya mwezi uliopita na kuifunika kazi ya leo. Tunabadilisha betri, tunarekebisha saa kwanza, ndipo tunaifungua programu. Tunakupa ufundi huu bure, Mheshimiwa, kwa sababu tumeona kwamba hata Horizon 2025 huenda ilisetiwa kwenye mashine ya namna hiyo.

Mafaili yetu yako wapi hasa? Hatuulizi kwa uchungu. Kampuni kubwa za wingu zina maghala ya data mengi kule Dublin, nchini Ireland, na kwa Likasi hilo ni jambo la kihistoria. Septemba 1961, mji huu ukiitwa bado Jadotville, kikosi cha Waairishi zaidi ya 150 waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapa, kikapigana siku kadhaa hadi kikaishiwa maji na risasi, kikajisalimisha. Leo zamu imegeuka. Makaratasi ya watoto wa Likasi ndiyo yaliyozingirwa, na ikiwa yamezuiliwa Dublin, tunaomba tu yatendewe kama tulivyowatendea wale: waliachiliwa wote wakiwa hai.

Mji wetu haukuwahi kushindwa kupeleka kitu ughaibuni. Uranium ya Shinkolobwe, hapo jirani, ilitoka ikaenda Marekani kutengeneza bomu la Hiroshima. Shaba ya Shituru imetoka tangu enzi za Union Minière. Kobalti imekuwa ikitoka kwa malori yaliyopangana hadi mpakani Kasumbalesa, na nchi hii peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Simu yako, Mheshimiwa, inawezekana kabisa ina kipande cha Katanga ndani yake. Kinachokataa kutoka Likasi ni kimoja tu, faili la mega sita.

Tunajua kuna sababu zisizokuhusu. Kebo ya intaneti ya WACS, iliyofika pwani ya Muanda na kuanza kutuhudumia mwaka 2013, imelazwa karibu na korongo la chini ya bahari ambalo Mto Kongo umelichimba wenyewe. Januari 2020 maporomoko ya tope na mchanga yalishuka humo zaidi ya kilomita 1,100 na kuikata. Agosti 2023 ikakatika tena. Mto hauwezi kuitwa mbele ya tume ya Bunge, hilo tunalielewa.

Lakini rezo haijakatwa na mto peke yake. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima ikarudi baada ya wiki karibu tatu, na tope halikuwa na hatia yoyote. Januari 2015 ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2020 ilikuja RAM, ile iliyokuwa ikikata kredi katika simu zetu kwa kazi ya kuzisajili, hadi ilipofutwa mwaka 2022. Fedha ile, bila shaka, imehifadhiwa salama katika wingu. Machi 2024 sahani ya intaneti ya Starlink ilikuwa kosa, na mwaka uliofuata sahani ile ile ikapewa leseni ikawa maendeleo. Sisi ni wachapaji, hatuna elimu ya kufuata mwendo huo. Tulichofanya ni kujitengenezea wingu letu.

Ndiyo, Mheshimiwa, Kikula kuna wingu, na linakaa chini ya meza. Tulichukua mashine kuukuu, tukaitia Linux, tukaiwekea Nextcloud, programu huru iliyoanza mwaka 2016. Kwenye mashine nyingine tuliweka Syncthing, ambayo haitaki bwana mkubwa: mashine mbili zilizo chini ya ruta moja zikishatambulishana, zinapeana mafaili zenyewe, bila kumwomba ruhusa mtu aliye ng'ambo. Ruta yetu haina SIM wala forfe ya intaneti. Wateja wanaingia, wanaona wifi imejaa mistari yote, wanatoa simu kwa shangwe, halafu wanagundua kwamba wifi hii inaishia ukutani. Lakini faili la mega 200 linavuka kutoka meza hadi meza ndani ya dakika moja, na likifika linafunguka.

Tusijisifu kupita kiasi. Wingu la chini ya meza lina ubaya wake: kilichofutwa kwenye mashine moja kinafutika kwenye zote, na watu wawili wakiandika faili moja kwa wakati mmoja unapata nakala mbili zinazogombana, kila moja ikidai ndiyo halali, hali ambayo nchi hii inaifahamu vizuri baada ya kila uchaguzi. Kwa hiyo tumeiamuru programu itunze matoleo ya zamani kwa siku thelathini, na kila Jumamosi tunanakili kila kitu kwenye diski ya nje, ambayo hailali kibandani. Inalala kwa mama mmoja mtaani, mbali na wezi na mabati yanayovuja.

Na kwa mambo ya Lubumbashi tunatumia barabara. Fleshi ya giga 64, mfukoni mwa dereva wa basi, kilomita kama 120. Hata safari ikila saa tatu pamoja na foleni ya peyaji, pale pa kulipia barabara, hesabu inatoa zaidi ya megabiti 45 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna aliyewahi kutuuzia hapa. Usitucheke. Mwaka 2016 Amazon, wenye wingu lao wenyewe, walionyesha lori zima la kubebea data, petabaiti 100 kwa safari moja. Tofauti yetu na wao ni kwamba dereva wetu anapakia pia magunia ya unga wa bukari.

Ombi letu basi ni dogo. Fomu za Serikali zijazwe hata rezo isipokuwepo, zitunzwe ndani ya mashine ya mwananchi, ziondoke zenyewe siku rezo itakaporudi. Programu za kufanya hivyo zipo na nyingi ni za bure. Kila komini iwe na ghala lake dogo la data lenye betri na paneli ya jua, ili cheti cha mtu wa Panda kisisafiri hadi Kinshasa na kurudi ndipo kisomwe Panda. Ofisi isimkatalie mtu fleshi mpaka ofisi yenyewe iwe na rezo. Na kule Kinshasa, chumba chenye ile swichi kubwa ya kuzima nchi nzima, tunaomba kifungwe, na ufunguo wake tuko tayari kuulipia hifadhi.

Jibu lako usilitume kwa kiungo.

Wako watiifu,
Wenye sekretaria publiki za Kikula

Nakala kwa: Meya wa Likasi, kwenye fleshi nyeusi ya giga 8. Ndani mna barua hii na TFC tatu za wateja. Tunaomba fleshi irudishwe kabla ya Jumatatu, wanatetea.